Spika za Babu Yako Hazikutupwa

Nyumbani kwenu,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umeamka salama. Habari za kazi? Habari za baridi? Mkeo hajambo? Mtoto ameanza kutembea, au bado mnambeba kama mzigo wa kuni? Na wewe unakula lakini? Kwenye ile picha mliyotuma, shingo yako imebaki kama mpini wa mwiko. Mwambie mkeo bibi ameona.

Sisi huku hatujambo. Magoti yangu hunigomea asubuhi, jua likipanda yanasalimu amri. Mama yako ni mzima, na mdomo wake mzima vilevile. Babu yako nitamfikia, usinikimbize.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zangu zimetawanyika kama vifaranga walioona mwewe, lakini utazisoma, si ulisomeshwa? Kwenye simu ungenikatiza, na haya niliyonayo hayataki kukatizwa.

Kwanza nikugombeze, nitue mzigo. Ile siku ulipopiga simu, mama yako akakuambia spika za babu yako zinakoroma, ulijibu nini? Ulisema, "Vitu vya kizee hivyo, tupeni nje. Nitawaletea kadogo kanakokaa juu ya meza." Hukujua simu ilikuwa imefunguliwa sauti chumba kizima kinasikia. Babu yako alikuwa kwenye kiti chake. Macho yake yamefungika, masikio hayajafungika. Akasema taratibu, "Sawa. Kikichakaa kinatupwa." Akaomba apelekwe kulala, na jua bado liko juu.

Tangu hapo hakutaka tena santuri. Nikimwekea, anasema zima. Nikimwuliza unawaza nini, anasema hana cha kuwaza. Mtu ambaye macho yalipokwisha alibakiwa na muziki tu, sasa na muziki kaukataa. Akawa anakaa kaelekea ukutani, chakula anaonja kama anaonjea mtu mwingine. Nikajisemea, mama wee, hapa hazifi spika tu. Hizi spika zitapona, nitake nisitake.

Nikamwita fundi wa redio wa mtaa wa nyuma, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Alizifungua huku akinisimulia harusi ya dada yake. Mle ndani kuna karatasi ngumu nyeusi, imekaa kama bakuli, na ukingoni ina pete ya sponji inayoishikilia ili icheze mbele na nyuma. Ndiyo inayotoa sauti nzito. Basi pete zote mbili zilikuwa zimeoza. Ukizigusa zinabaki kidoleni kama majivu.

"Pete mpya zinapatikana, bibi," Kimya akasema. "Kulehemu nyaya naweza. Lakini kubandika pete kunataka mkono uliotulia, na wangu huu unauona mwenyewe." Akaunyoosha, ukawa unacheza kama jani.

"Zilete," nikamwambia. "Nimeshona kola za mashati ya nusu ya mji huu. Pete itanishinda?"

Mama yako akapita na beseni lake, akasema, "Mama, wewe na spika wapi na wapi?"

"Na wewe na masufuria wapi na wapi," nikamjibu, "mbona unayaunguza kila siku?" Akaenda zake.

Sasa sikiliza kazi, usidhani ilikuwa mchezo. Nilikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu na pamba iliyolowa spiriti, taratibu, maana ile karatasi ukiikwaruza tu imechanika. Ilipokuwa safi nikapaka gundi mpya, nikaweka pete, nikafanya kama mikono yangu ilivyozoea: nikaivuta ikaze, kama kola.

Kosa. Ilipokauka, karatasi ilikuwa imekaa upande. Ukiisukuma kwa vidole, ndani kunakwaruza kama panya kwenye dari. Kimya akaja, akasukuma mara moja, akasema, "Bibi, hii haivutwi. Hii inalazwa tu." Angesema mapema! Mtu yule anasema kila kitu isipokuwa kile unachokihitaji.

Sikulia wala sikutukana, ingawa tusi lilifika hapa kwenye meno. Nikaibandua, nikakwangua upya, nikailaza kama unavyomlaza mtoto aliyeanza kusinzia. Nikasubiri ikauke bila kuichunguza-chunguza. Safari hii nilipoisukuma ilikwenda na kurudi bila neno. Ilikuwa inapumua, mjukuu wangu. Nikaita nyumba nzima waje waone. Aliyekuja ni paka, lakini nikamwonyesha hivyohivyo.

Ya pili sikukosea hata kidogo. Weka hilo akilini.

Na hatukuishia kwenye kutibu, tumeziongezea na cheo. Kimya alitoa vile vidude vya ndani vinavyogawa sauti, nyembamba iende kwenye spika ndogo ya juu, nzito iende kwenye kubwa ya chini. Vya zamani vilikuwa vimechoka, akalehemu vipya vilivyo bora kuliko vile zilivyozaliwa navyo. Pamba ya ndani ilikuwa imejikunja chini kama soksi, nikaipanga upya na kuongeza. Mbao nimezipiga msasa na vanishi, ukiinama unajiona. Kitambaa cha mbele nimekishona mwenyewe. Nilitaka kuweka kile kizito cha pazia, Kimya akaniambia nikipulize kwanza. Pumzi ikipita, sauti itapita. Pumzi haikupita. Nikachagua chepesi cha kahawia, kinapendeza kuliko suti yako ya harusi.

Sasa njoo hapa karibu, nikuonyeshe aibu yako.

Kabla hatujaziwasha, Kimya alishika zile nyaya ndefu zinazotoka kwenye amplifaya, akagusisha ncha zake kwenye betri ya tochi. Akasema waya mwekundu ukigusa kichwa cha betri, ile karatasi hutoka mbele. Spika ya kushoto ikatoka mbele. Ya kulia ikaingia ndani. Akarudia. Hii inatoka, ile inaingia.

"Hizi zinagombana, bibi," akasema. "Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Sauti nzito inakufa katikati. Nani aliunga waya huu?"

Tukaufuata waya mpaka nyuma ya kabati. Hapo palikuwa na kiungo, mwekundu umefungwa kwa mweusi, na mweusi kwa mwekundu. Tena umefungwa kwa nini? Kwa plasta ya kidonda! Nikajua papo hapo. Duniani kote ni mtu mmoja tu anayefunga waya kwa plasta ya kidonda, na huyo nilimwogesha mimi.

Unakumbuka? Ile siku tulipopaka chumba rangi ukahamisha spika, waya ukawa mfupi, ukajifanya fundi. Tangu siku hiyo babu yako alilalamika. Alisema, "Waimbaji wamehama. Zamani walikuwa humu ndani, siku hizi wanaimbia uani." Nawe ukamjibu, "Babu, ni masikio yamezeeka." Masikio yamezeeka! Mzee alikuwa na haki, spika zilikuwa na haki, aliyekuwa hana akili ni kijana wetu. Kimya alicheka mpaka akanyamaza, na hilo halijawahi kutokea.

Waya umebadilishwa. Plasta nimekuwekea, utaikuta.

Basi jana mchana nikamtoa babu yako chumbani. Sikumwambia kitu. Alikaa, akaugeukia ukuta wake. Nikaweka ile santuri ya yule mama mwenye sauti ya chini, anayoipenda tangu hatujaoana. Nikaketi nyuma yake. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko ngoma ya kwenye santuri.

Yule mama akaanza kuimba. Babu yako akainua kichwa. Akauacha ukuta, akageuka polepole mpaka uso ukaelekea katikati ya spika zile mbili, pale penye kabati. Akanyoosha kidole.

"Nani amesimama pale?"

"Pale wapi?"

"Mbele ya kabati."

"Hakuna mtu, mzee. Ni santuri."

Akasikiliza. Mdomo ukaanza kutafuta tabasamu, lilikuwa limepotea siku nyingi. "Karudi ndani," akasema. "Mpe kiti huyo mama, amesimama muda mrefu."

"Alaa!" nikamwambia. "Mimi tangu unioe hujawahi kuniambia keti, leo mgeni wa santuri ndiye wa kupewa kiti?"

Akacheka. Babu yako amecheka, unasikia? Alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji, na baada ya maji akaomba chakula. Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Upande wa kwanza ulipokwisha akauliza ni fundi gani aliyezitengeneza. Nikatoa kile kitambaa cha mbele, nikamshika mkono, nikamwekea vidole kwenye pete. Akazunguka nayo yote, polepole, akarudi alipoanzia. Akasema, "Mshono wako nauona."

Mjukuu wangu, nimesifiwa na maharusi na wenye mashati ya bei kali. Sijapata kusifiwa namna hiyo.

Sasa fanya hivi. Ukipata barua hii piga simu, usizungumze na mimi, zungumza naye. Usimwombe radhi kwa maneno marefu, hapendi. Mwulize tu waimbaji wako wapi siku hizi. Atakujibu mwenyewe. Na hako kadogo ka juu ya meza kalete, mama yako atakaweka jikoni ili asiunguze kwa kukosa burudani.

Mama yako anakusalimu na anasema usiniamini yote. Dada yako anakusalimu, mumewe pia, na Kimya anakusalimu kwa salamu ndefu ambazo karatasi haizitoshi. Babu yako anasema umbusu mtoto, umwambie anaye babu anayesikia vizuri.

Mungu akutangulie unapotoka na akulinde unaporudi. Akupe riziki isiyo na hila, akuzidishie akili ya nyaya.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako, mke mkubwa.

Nimesahau: mbele ya kabati sasa kuna kiti. Nilikiweka jana kwa utani na babu yako amekataa kiondolewe. Ukija, usikikalie. Kina mwenyewe.