Utani wa Mihayo Kambini Mikumi

Lukasi, nakuandikia haraka, maana dereva wa lori linalokuja huko Kilosa ananisubiri. Soma, kisha uchome.

Afisa kazi kaja leo hapa darajani tunapojenga. Kasema serikali inatambua chama kimoja tu cha wafanyakazi, na hicho ndicho kitakachopatana na mwajiri. Akauliza, "Nasikia mna chenu cha pembeni. Mwenyekiti nani?"

Mara Mihayo, yule mtani wangu Mnyamwezi, akaninyooshea kidole, akaropoka: "Huyu Msagara hapa!"

Na mimi na mdomo wangu! Mtani akikurushia unamrudishia, nikajibu, "Naam, na huyu mtumwa wangu!" Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Afisa hakucheka. Hakucheka hata kidogo! Askari wawili aliokuja nao wakanidaka mikono.

Mihayo akapiga magoti. "Mzee, ni utani tu! Sisi watani!"

Wakaniachia. Ila afisa akasema taratibu kabisa: "Sawa, ni utani. Basi mwenyekiti wa kweli ni nani?"

Lukasi, hakuna aliyetaja jina. Wallahi hakuna. Lakini wote, wote kabisa, waligeuka wakatazama hema lako.

Kaa huko huko Kilosa.