Rubani Hanitazami

Alhamisi, 5 Juni

Nimefunga saiba yangu ya intaneti saa kumi na mbili kama kawaida. Nimemtoa mteja wa mwisho, nimepanga meza upya, tumewasha kompyuta tatu na projekta. Alhamisi ni siku ya chombo, mchezo wetu wa kuendesha chombo cha angani. Anayetaka kuprinti aende kwingine.

Mazoezi mabaya. Chombo chetu, Thimlich, kimegonga mawe mara mbili kwenye njia tunayoijua vizuri. Lavenda wa injini alikuwa sawa. Chacha wa silaha na rada alikuwa sawa, kelele nyingi tu. Okoth ndiye simwelewi. Okoth ni rubani, na hakuna rubani kama yeye kutoka hapa Migori hadi Rongo. Ni mtu wa bodaboda. Akipiga kona mwili wote unaenda nayo, hata akiwa amekalia kiti cha plastiki.

Mchezo wenyewe uko hivi: kila mtu anaona kazi yake tu. Kapteni, yaani mimi, hana kompyuta, hana kitufe hata kimoja. Natazama skrini kubwa ukutani, nasema. Nikisema kulia ishirini, rubani anarudia, "Kulia ishirini, Kapteni," ndipo anakata. Asiporudia sijui kama amesikia. Leo hakurudia hata mara moja. Alikata tu, kimya, macho kwenye kibodi.

Chai pia alikataa. Okoth kukataa chai na mandazi yangu. Labda anaumwa.

Ijumaa, 6 Juni

Nilimtumia ujumbe kumuuliza kama ni mgonjwa. Amemjibu Lavenda. Si mimi, Lavenda. Eti amwambie Mwalimu yeye ni mzima. Kwa nini asinijibu mwenyewe? Sielewi.

Jumapili, 8 Juni

Kila Jumapili Okoth huningoja nje ya kanisa anirudishe nyumbani. Leo aliniona natoka langoni, akasukuma pikipiki hadi ng'ambo ya barabara, akajificha nyuma ya duka la mbao. Mtu mzima. Helmeti yake nyekundu ilikuwa inaonekana juu ya mabati. Akanitumia kijana mwingine aliyenipeleka kama gunia la mahindi.

Nimefikiria nilimkosea nini. Kumpigia kelele? Mimi napigia kila mtu kelele. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi hadi nikachoka, na sauti haikustaafu pamoja nami. Hajawahi kulalamika. Alikuwa anacheka.

Alhamisi, 12 Juni

Leo amegeuza meza yake. Nimemkuta amekaa akiwa amenipa mgongo, kompyuta imeelekea ukuta. Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia viatu vyake. Chacha akajibu kwa niaba yake kwamba mwanga wa dirisha unamsumbua. Mwanga gani? Jua lilikuwa limeshatua.

Tumegonga kituo chetu wenyewe. Kituo tulichotumwa kulinda.

Baadaye Chacha alibaki kunisaidia kukunja nyaya. Chacha ni Mkuria wa Kehancha, ananunua ng'ombe na kuuza, na midomo yake haina breki. "Mwalimu, mimi sitaki maneno," akasema, kisha akayatoa yote. "Lakini huyu Okoth nimemuona Homa Bay mara mbili mwezi huu. Jumapili jioni. Amevaa shati ya kupigwa pasi."

Homa Bay. Mchuano wetu na watu wa Homa Bay ni tarehe ishirini na tisa. Mara iliyopita walitushinda vibaya, ingawa kila mtu anajua hawana rubani wa maana. Sasa naona. Au nadhani naona. Wanamnunua. Lakini kama amenunuliwa, mbona bado anakuja Alhamisi? Kupeleleza nini? Tunavyogonga mawe?

Nataka kuwashinda wale watu. Kwa umri wangu ni aibu kidogo kutaka mchezo hivi. Nataka tu. Tangu mume wangu, baba Achieng', afariki, nyumbani naongea na redio. Hapa nikisema neno moja, chombo kizima kinageuka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempigia Achieng'. Binti yangu anafanya kazi maabara kule Homa Bay, anawajua vijana wa mji. Nikamwambia kuna rubani wangu, yule Okoth wa boda aliyembeba Krismasi na mizigo yake, nasikia anazurura huko kila Jumapili. Nikamwomba anipelelezee anaenda kwa nani.

Nikaita alo, alo. Nikadhani laini imekatika.

Kisha akasema, "Mama, nitakuja nyumbani wiki ijayo." Nikamwambia sijamwomba aje, nimemwomba aangalie. Akasema atakuja. Sasa huyu naye ana nini?

Alhamisi, 19 Juni

Nimemtoa Okoth kwenye usukani. Mbele ya wote. Nilisema asiyeweza kunijibu hawezi kuniendeshea chombo, na kama Homa Bay ni kutamu aende.

Alisimama taratibu. Alikuwa amekunja kofia yake mkononi mpaka imekuwa kamba. Hakunitazama. Akamgeukia Lavenda, aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu, akasema, "Mwambie Kapteni ni sawa." Akatoka.

Mwambie Kapteni! Kapteni yuko hapo hapo, ana masikio mawili. Nilikasirika. Lavenda anasuka nywele sokoni siku nzima, anasikia siri za mji wote, na leo aliniangalia kwa macho ya huruma ambayo sikuyapenda. Nikamuuliza kama anajua kitu. Akasema, "Mwalimu, hayo si yangu kusema."

Chacha alishika usukani. Dakika chache tu tukawa vipande.

Jumamosi, 21 Juni

Achieng' amefika saa saba mchana. Hakukaa. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikamwambia aseme.

Amesema. Jumapili Okoth anaenda kwake yeye. Tangu Krismasi. Mwezi uliopita walikubaliana, na Okoth anataka kutuma watu wa kwao waje na ayie yangu, ile zawadi ya mama, ya kusema nimekubali.

Nilikaa kwenye kochi kama mtu aliyepigwa na stima.

Maro. Mimi ni maro wake. Okoth amelelewa na nyanya yake kule Ndhiwa, na nyanya huyo amemfunza sawasawa: mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, hupandi naye kiti kimoja, na hujibizani naye. Kwa hiyo chai. Kwa hiyo meza. Kwa hiyo pikipiki nyuma ya mbao. Huyo mtu alikuwa ananiheshimu kwa nguvu zake zote, na mimi nikamfukuza.

Nimezaliwa Mjaluo, nimeolewa kwa Wajaluo, na sikuona. Nani angetafuta mambo ya ukwe ndani ya chombo cha angani?

Nilimuuliza Achieng' kwa nini hakuniambia. Okoth hawezi kuniambia mwenyewe, hilo linajulikana, kuniambia kulikuwa kazi ya Achieng'. Akasema aliogopa. "Ungesema ni mtu wa boda, Mama." Nilitaka kukataa. Sikukataa, kwa sababu ningesema hivyo hivyo, na kwa sauti.

Jumapili, 22 Juni

Sijui nina furaha au nina hasira. Nimepika, nikasahau chumvi. Nina furaha: ni kijana mwenye bidii, halewi, na mtoto wangu akitaja jina lake anageuza uso kuficha tabasamu. Nina hasira: walijua wote. Lavenda alijua. Chacha peke yake hakujua, na huko kufanana na Chacha kumeniuma.

Halafu kuna hili. Achieng' anasema amemwambia aache hayo mambo ya zamani, mjini watu wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna anayekufa. Okoth amekataa. Anasema akianza kunikosea heshima mimi, ataishia kumkosea yeye. Nitabishana vipi na mtu kama huyo?

Jumanne, 24 Juni

Mazoezi ya dharura. Nilimtuma Lavenda akamrudishe Okoth na kumwambia Kapteni alikosea. Alirudi. Alisimama mlangoni mpaka nilipogeukia ukuta, ndipo akaingia.

Tumejaribu kupitia mtu. Namwambia Lavenda, kulia ishirini. Lavenda anamwambia Okoth, kulia ishirini. Okoth anamwambia Lavenda, mwambie Kapteni, kulia ishirini. Lavenda ananiambia. Wakati huo jiwe limeshatuingia ubavuni, na injini imechemka kwa sababu mwenye injini anapeleka salamu. Chacha alicheka mpaka akashika meza. "Hii ni chombo ama ni harusi?" Nikamwambia atazame rada yake.

Mara moja nilisahau nikampigia Okoth kelele moja kwa moja, kushoto, kushoto! Aliruka, akaachia kibodi, akainamisha kichwa. Rubani hawezi kuinamisha kichwa.

Yeye hawezi kubadilika na sitaki abadilike. Siwezi kuwa Kapteni wake. Ama namtoa rubani, ama natoka mimi. Nimezunguka hapo siku nzima na sioni mlango wa tatu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimempa Lavenda kiti cha Kapteni.

Sikutoa hotuba. Nilisema sauti yangu inaumwa, na hakuna aliyeamini. Lavenda alikataa mara mbili kisha akakaa, mgongo umenyooka. Mimi nimehamia injini, kwenye kona, nyuma ya mashine ya fotokopi. Kutoka hapo mimi na Okoth tumepeana migongo. Kiti chake kimegeuzwa kikaangalia skrini kubwa tena. Mimi skrini sioni kabisa. Naona vijiti vitatu vya rangi: injini, ngao, silaha. Unapeleka nguvu huku, unapunguza kule, unapoza kinachochemka. Ndiyo kazi yote.

Lavenda alisema, "Kulia ishirini." Na Okoth, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi uliopita, akajibu, "Kulia ishirini, Kapteni."

Iliniuma. Niliinama nikajifanya natafuta waya.

Jumapili, 29 Juni

Homa Bay. Ukumbi wa kanisa, vyombo viwili, kila kimoja na msafara wake wa kuvusha katikati ya mawe. Achieng' alikaa nyuma kabisa na wenzake wa maabara. Hakujua amshangilie nani, akashangilia kila kitu.

Mambo yaliharibika katikati. Maadui walitokea pande mbili, na Lavenda akanyamaza. Niliijua amri. Nilikuwa nayo mdomoni, ya moto. Ningeisema, Okoth angeinamisha kichwa mbele ya mji wote, na mbele ya binti yangu. Nikauma meno.

Nikaangalia kijiti cha injini kwa sababu sikuwa na kingine cha kuangalia. Kilikuwa kinapanda joto. Maana yake Okoth ameshaamua bila kuambiwa, anakanyaga mafuta kupita katikati. Nikatoa nguvu kwenye silaha, nikaimwaga yote kwa injini. Chacha akapiga kelele kwamba bunduki zake zimekufa. Nikamwacha apige.

Watu wakalia kwa sauti moja. Sikujua kama tumepona au tumekufa. Ilibidi nimuulize Chacha. Tumepita, akasema, tumepita na msafara wote.

Mwishowe Homa Bay wametushinda kwa pointi, kwa sababu ya bunduki zilizokufa. Nilitarajia kuumwa na hilo zaidi. Soda zilipogawiwa, Okoth alichukua yake akaenda kuinywa nje, juani, peke yake. Mmoja wa wapinzani akaniuliza kama yule rubani wetu ana kiburi. Nikamwambia hapana, ana adabu.

Alhamisi, 3 Julai

Mazoezi ya kawaida. Mvua kidogo. Watu wa Okoth watakuja Agosti. Shemeji zangu wamekubali kuwapokea, na kazi yangu siku hiyo itakuwa kukaa chumba cha ndani na kukubali.

Lavenda anakuwa Kapteni mzuri. Hapigi kelele. Bado nikisikia mtu anaitwa jina hilo nageuka, halafu nakumbuka.

Kona ya injini nimeizoea. Sioni mawe, sioni maadui, sioni mtu yeyote. Naona kijiti kinapanda na kushuka. Lakini nimeanza kumsoma. Akiwa na wasiwasi anakanyaga kidogo kidogo. Akiwa na uhakika anapanda mara moja na kutulia. Amebeba watu kwenye barabara za vumbi miaka yote hiyo na sikuwahi kujua ni mwangalifu kiasi hiki. Nilikuwa namwangalia kisogo tu na kumpigia kelele.

Leo aliongeza kasi kabla Lavenda hajafungua mdomo, na nguvu aliikuta iko tayari. Hakugeuka. Sikugeuka.

Achieng' amepiga simu jioni kuuliza mimi na Okoth tunaendeleaje. Nikamwambia tunaelewana.