Wifi Roza, Uliyekataa Kurithiwa

Wifi yangu Roza,

Monika yuko kwenu. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza. Yuko huko chini ziwani kwa shangazi yako Agnesi, analalia mkeka wako, anaanika dagaa wa usipa pale ulipokuwa ukianika. Hataki kurudi huku mlimani Maguu. Hataki kuniona. Wala simlaumu.

Habari za kifo chako zililetwa na mchuuzi wa samaki. Alisimama uani akauliza kama hapa ndipo kwa akina marehemu Batista, kisha akasema yule mjane aliyehamia ufukweni amefariki kwa homa na ameshazikwa. Kaka Kinunda alikuwa anakunywa uji. Akasema, "Aliukataa ukoo huu mwenyewe. Hapa hakuna atakayekwenda matanga." Akaendelea na uji wake. Mimi nikaingia jikoni, nikasingizia moshi.

Roza, siku ile ya kumaliza matanga ya Batista sijaisahau. Mumeo, ndugu yangu, alifia mbali kwenye mashamba ya mkonge, hata kaburi lake hatukuliona. Wazee walikaa ndani, pombe katikati yao. Kaka akatangaza kwamba sasa wewe ni mke wake, wa tatu, na kwamba kwanza utapelekwa kwenye makaburi ya mababu ukatambikiwe. Ulikuwa umempakata Monika, ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Ukasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula: "Shemeji, nakuheshimu. Nitalima nanyi, nitapika nanyi. Lakini nimebatizwa. Tambiko sitafanya, na mume mwenye wake sitaolewa naye."

Mimi nilibatizwa siku moja na wewe. Padri yule yule, maji yale yale. Katika watu wote wale ulinigeukia mimi, nami nikatazama miguu yangu.

Nilikuwa na sababu, au nilijiambia ninazo. Mume wangu alikuwa amenirudisha nyumbani kwa kuwa sikuzaa. Nilikula kwa kaka, nililala kwa kaka. Ningesema neno, ningekwenda wapi? Lakini wewe nawe ulikuwa na mengi ya kupoteza, na ulisema.

Wakakunyang'anya shamba, lile la mashimo ya ngoro pale mlimani. Mashimo yake tuliyachimba wewe na mimi, Batista akitufyekea nyasi mbele, tunaimba nyimbo za kanisani na yeye anakosea maneno makusudi ili tucheke. Wakakukataza kuchota maji kwenye kijito chetu. Wake wa kaka wakakuita mchawi uliyemla mumeo. Padri alipokuja kukutetea, aliambiwa mambo ya ukoo si ya misheni. Baraza la jumbe nalo likasema mtoto ni wa upande wa baba. Ndipo kaka akakujia mlangoni: "Kubali leo, mtoto unabaki naye. Kataa, tuone kama huyo Yesu wako atakupa mwingine."

Ulilia, Roza. Nilikusikia ukilia mpaka pumzi ikakatika. Lakini hukukubali. Ukashuka ziwani kwa shangazi yako, mikono mitupu.

Na mtoto akapewa nani? Mimi.

Hapa mkono unakuwa mzito. Watu walidhani nililazimishwa. Sikulazimishwa. Walipomweka Monika mapajani mwangu, bado anakutafuta kwa kilio, moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimemwomba Mungu mtoto kwa miaka mingi, nikajiambia, ndiye huyu. Nilipiga magoti nikashukuru. Kwa machozi yako nikashukuru.

Kila Pasaka na kila Krismasi ulipanda mlima kwa miguu kutoka ziwani, usali kwetu na umwone mwanao kwa mbali. Nilikuwa nimeonywa nisikuache umkaribie, nami nilitii kuliko nilivyoagizwa. Nikikuona umeketi huku, namvuta Monika tunahamia kule. Kisha ile Pasaka ya mvua kubwa tukakutana mlangoni uso kwa uso. Ulikuwa umekonda, mifupa ya mabega inaonekana. Monika akanivuta kanga: "Mama, yule mama anayetuangalia ni nani?"

Nikasema, "Mpita njia tu."

Ulisikia. Najua ulisikia, kwa sababu midomo yako ilitetemeka. Kisha ukatabasamu ukasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Mtoto akaitikia, "Milele, amina." Mimi nikamshika mkono nimvute. Ukatupisha tupite. Hukupanda mlima tena baada ya siku ile.

Mchuuzi yule alipoondoka sikupata raha. Kaka alipokwenda kwenye pombe kwa jirani, nikamwambia Monika afunge nguo zake, tunashuka ziwani. Sasa ni msichana, ananifikia begani. Pale mlimani ziwa linapoanza kuonekana, nikamketisha nikamwambia yote.

"Yule mama wa kanisani ndiye?"

"Ndiye."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Mimi si mwanao," akasema. Akajitwika mzigo wake, akatangulia, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Shangazi Agnesi alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili, akatupeleka kaburini. Akatusimulia kwamba kuna mwaka ulifunga vitu vyako uje ukubali kuolewa, umpate Monika. Ulifika chini ya mlima, ukakaa hapo kutwa, jua linazama ukarudi. Ulimwambia, "Nikimpata mtoto kwa njia ile, nitamfundisha nini?" Monika aliposikia hayo alilala juu ya udongo wa kaburi lako, na hatukumwinua. Shangazi akasema pia ulimwombea Kinunda kwa jina kila jioni. Na mimi. "Dada anayenilelea mtoto," ndivyo ulivyoniita. Afadhali ungenilaani, Roza. Laana ningejua pa kuiweka.

Nilirudi peke yangu nikakuta vyombo vyangu vimetupwa nje. Nakaa sasa kwenye kibanda karibu na kanisa, nawapalilia watu kahawa. Wanawake wa parokia wananisifu, wanasema nimeteswa kwa ajili ya imani. Huwa nawakatiza, nawaambia habari zako. Mimi nilifukuzwa tu, sikuondoka.

Jambo lingine. Mdogo wetu Festo amefariki, na leo wazee wanakutana juu ya mjane wake, Yustina. Kaka anamtaka. Yustina amebatizwa na ana watoto wawili wadogo. Jana alinifuata kwenye kijito akaniuliza, "Dada, nitasema nini mbele yao?" Nilimweleza ulivyosema wewe. Kisha nikamwahidi kitu ambacho wewe hukukipata kwangu: nitaketi karibu yake, na nitasema kabla hajaulizwa. Wakimfukuza, atalala kwangu na wanawe. Wakija kuwachukua watoto, watanikuta nimekaa mlangoni. Naogopa, wifi.

Sikuombi unisamehe, maana nakujua, ungefanya haraka mno. Kwa Monika nitapeleka maharage kila baada ya mavuno, na akikataa kunipokea nitayaacha kwa shangazi. Sitamwomba aniite mama tena.

Pumzika, Roza. Uniombee.

Yustina amefika, yuko nje na watoto. Naenda.

Wifi yako,
Teresia