Mpini wa Muhogo

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nisamehe, daftari. Tangu Candiru azaliwe sijakufungua, na sasa mtoto ana meno. Nilikuweka chini ya godoro nikawa nakulalia tu. Nilichoka — si uchovu wa kulala ukaisha. Ule wa kusimama na sufuria mkononi ukasahau ulikuwa unaipeleka wapi.

Leo bibi yake amembeba kwenda naye shambani. Kijiji chote cha Manibe kimya. Nasikia mpaka kuku wakitembea.

Niandike lililo zito kwanza. Mkono wa Baba Candiru haujarudi. Alipoanguka na bodaboda tulisema mfupa ukiunga ataendelea kuchonga adungu zake, vile vinubi vya nyuzi. Mfupa umeunga. Lakini vidole viwili vya kulia havifungi, na kile kisu chake kilichopinda, cha kukwangulia tumbo la adungu kwa ndani, kinamtoka. Akivuta, kinaanguka. Siku hizi hakiokoti. Gogo la adungu kubwa ya kwaya liko kibandani, limechimbwa nusu, kuku anataka kutagia humo.

Jana alikuja Kevina, kiongozi wa kwaya. Alisema kwa upole kwamba nyimbo za Krismasi haziwezi kukosa adungu kubwa, na mwezi ukiisha bila kitu itabidi waende kwa fundi wa mjini. Baba Candiru akajibu: sawa.

Hiyo sawa ndiyo imenitisha. Mtu huyu alikuwa anaweza kubishana mpaka jua lizame kwa sababu ya uzi mmoja.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikuwa nasonga ugali, Candiru kwenye nyonga ya kushoto, analilia meno. Mkono mmoja tu wa kazi. Halafu nikaona ninachofanya kila siku bila kukiona: mpini wa mwiko nimeulaza chini ya mkono, umefika mpaka karibu na kiwiko, nimeubana. Vidole havikushika. Vilikuwa vinaongoza tu. Nguvu yote ilitoka begani.

Nikasimama hivyo hivyo. Ugali ukaungua. Mama mkwe akauliza kutoka nje kama leo tunakula moshi.

Tangu hapo naona mipini kila mahali. Shingo ya bata. Mguu wa kigoda. Mkono wa Candiru akilala. Hata mvua ikishuka kutoka kwenye bati naona kama mtu angeweza kuishika katikati, akaitumia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilimwambia Baba Candiru akae. Nikampa muhogo mrefu niliokwisha kumenya, nikamwambia aushike kwa mkono ule mbaya.

Akasema, “Mama Candiru, mimi si mtoto wa kunyamazishwa na muhogo.”

Shika, nikamwambia. Akashika.

Nikakata kidogo, akashika tena, nikakata. Pale vidole vyake visipofunga niliacha nyama ya muhogo iwe nene, ivifuate vyenyewe. Nyuma nikaacha ulimi mrefu wa kulala chini ya mkono, na pembeni mikato miwili ya kupitishia mpira wa tyubu, ili ufungwe. Nilikuwa nakata kama mtu aliye ndotoni. Sikujua nafanya nini mpaka mkono ulipofanya.

Akafumba macho akavuta hewani, kama anakwangua. Bega likafanya kazi. Vidole vikapumzika. Maji meupe ya muhogo yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Hakuuachia upesi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemkabidhi Moris, dereva wa taxi ya Koboko, muhogo ule ampelekee kaka yangu Lemi kule Ludara. Lemi ni mhunzi. Majembe yake anayafua kwa springi za malori anazonunua Oraba, na kisu chake hakipindi hata ukikanyage.

Nikampigia. Nikamwambia: kisu kipinde kama kidole cha mtu anayeita mtu. Mpini uchonge kwa mbao, fuata muhogo huo huo, usiongeze, usipunguze.

Akauliza kama ukweni kwangu chakula kimekuwa kingi hivyo, mpaka namtumia muhogo mmoja na ulinzi.

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuna kitu. Lemi alikwenda mazishini upande wa Oraba, simu imezimwa. Candiru ana homa ya meno. Nimesinzia naye kifuani mchana, nikaota mkono umekaa peke yake juu ya kigoda unasubiri chai. Nikaumiminia.

Jumatano, 24 Septemba

Kimekuja!

Na hakifai.

Kisu kizuri, sijawahi kuona kizuri hivyo. Chuma cheusi, ukingo tu unang'aa. Mbao imepakwa mafuta. Baba Candiru akanawa mikono kwanza, kama anakwenda kula. Akaweka mkono. Haukuingia. Akajaribu kwa upande. Ule ulimi wa nyuma ulimfika katikati ya mkono tu, na mahali pa kiganja palikuwa padogo kama pa mtoto wa shule.

Nikampigia Lemi. Anasema mfuko wenye muhogo ulikaa juu ya tanuru siku zote alizokuwa msibani. Aliporudi akafungua, akafuata alichokikuta. “Dada Night, ulisema nisiongeze, nisipunguze. Sikupunguza kitu. Hata ule ufa nimekuchongea.”

Ufa! Ni kweli, uko. Mrefu, safi, umepigwa msasa.

Mimi — niliyekulia kwenye ua wa muhogo wa kuanika, niliyefukuza mbuzi kwenye muhogo wa kuanika tangu naanza kutembea — nimesahau kwamba muhogo unakauka. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi tumngoje Candiru akue, kisu iko yake.

Baba Candiru naye alicheka. Mara ya kwanza tangu ajali, kicheko chake kizima. Halafu kikaisha. Akakiweka kisu juu ya ukuta, chini ya bati, akaenda kuangalia mbuzi.

Mbuzi walikuwa wamefungwa hapa hapa, karibu na mlango.

Ijumaa, 26 Septemba

Nilikishusha nikifunge tu, nikirudishe Ludara. Baba Candiru alikuwa amekwenda sokoni.

Mkono wangu ukaingia.

Sijui niandikeje. Kama mtu amenishika mkono gizani, na namjua. Ulimi unafika kwenye kiwiko. Kidole gumba kinakaa ndani ya ule ufa wa Lemi kama kilizaliwa humo. Nikafunga mpira wa tyubu kwa meno. Nikajiambia: mvuto mmoja kwenye gogo la kibandani, nijue tu kama wazo lilikuwa zuri.

Kipande kikatoka kimejikunja, chembamba kama ganda la kitunguu. Kikafuata kingine. Candiru alikuwa mgongoni analia, akanyamaza, akalala. Nadhani sauti ile ilimfikia kupitia mgongo wangu. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani ya gogo. Chumba kidogo chenye harufu ya mvua, nimo ndani, nafuta ukuta, nafuta, mpaka uwe mwembamba kiasi cha kusikia watu upande wa pili.

Kivuli mlangoni. Alikuwa amesimama na chumvi mkononi.

“Hiyo ni ya kwaya,” akasema.

Nikasema najua.

Akasema nikitoboa, gogo limekwisha, hakuna kiraka. Nikasema najua hilo pia. Nikafungua mpira, nikaweka kisu chini. Akaenda zake bila kuingia.

Sikuomba msamaha. Kisu nilikifanya kwa ajili yake. Sikumnyang'anya mkono. Lakini jioni yeye alikula na mama yake.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya sala alibeba kigoda akakiweka nje ya kibanda. Akakaa amenipa mgongo. Akaniita nije na kisu. Nikaja, mtoto mgongoni.

Akasema nikate.

Haangalii. Anasikiliza. Nikivuta mara kadhaa ananiambia nigonge kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa. “Hapo bado pamelala.” Nasogea. “Hapo acha, pameamka.” Mimi sisikii tofauti. Halafu baadaye, ghafla, nikasikia! Mahali pazito panasema kama mlango. Mahali pembamba panasema kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali.

Kisha nikachoka, nikawa navuta vifupi vifupi. Akasema nakwangua kama mtu anayemenya viazi. Nikamjibu, basi njoo uchonge wewe.

Neno lilikwisha kutoka. Ningelimeza na mate yake. Nje mama mkwe alikuwa anapepeta.

“Ningekuja,” akasema.

Polepole tu. Hakugeuka.

Nikamwangalia shingo. Kisha akasema, “Endelea. Mvuto mrefu. Usiiogope.”

Nikavuta mrefu.

Jumanne, 30 Septemba

Kevina amekuja asubuhi. Aligonga tumbo la adungu, akaguna sauti yake ya chini, akagonga tena. Akauliza nani amechonga, maana mkono wa mume wangu Afedra anaujua. Nikatazama chini. Baba Candiru akajibu kabla sijafungua mdomo: mkono ni wa Mama Candiru.

Kevina akaniangalia, akamwangalia mtoto mgongoni. Akasema kwaya ilipatana na fundi, haikupatana na mke wa fundi. Ataongea nao. Lakini ngozi ikishawambwa na nyuzi zikivutwa atakuja kusikia kwa masikio yake, na mpaka siku hiyo haendi mjini. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Alipoondoka, Baba Candiru akaniambia Moris anapita kesho, niandike vitu vya Lemi. Akataja, nikashika kichwani: kisu kingine kama changu, maana kimoja kikikatika kazi inasimama. Na cha tatu, kilichopinda zaidi. Mipini yote midogo. Yote ya mkono wangu.

Nikangoja aseme wa kwake. Akasema imetosha. Nikauliza: na wako? Akasema nisimsumbue Lemi, akanyanyua ndoo kwa mkono wa kushoto, akaenda kisimani.

Mchana amelala chini ya bati, mvua inanyesha. Nimemzungushia kamba ya katani mkononi taratibu, Candiru akinitazama kama anayejua. Fundo kwenye kiganja. Fundo juu ya kifundo. Fundo mwisho, karibu na kiwiko. Hakuamka. Au aliamka akaniachia.

Vya kuletwa kutoka Ludara, nisije nikasahau kimoja:

Kisu kama hiki changu, kingine, na ufa wake.

Kisu kilichopinda zaidi, cha kufika pembeni ambapo tumbo linakutana na shingo.

Tupa nyembamba ya mviringo. Jiwe la kunolea, lile laini.

Kipande cha springi, kirefu kama kiganja, cha kutobolea matundu ya vigingi vya nyuzi.

Mpini mkubwa mmoja, wa kulia, na kisu chake. Vipimo viko kwenye kamba, mafundo matatu, Lemi asiikate wala asiiloweshe. Mwenyewe hakuuomba. Uletwe.