Povu Lililokataa Kuwa Jeupe

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umeshakula, maana niliyo nayo hayafai kusomwa na mwenye njaa. Huku hatujambo. Magoti ya mama bado yanamsumbua, ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Mkeo yuko kwetu. Tulia, usome hadi mwisho. Alikuja Jumamosi moja kwa moja saluni kwangu, akitaka nimtie dawa nywele zinyooke kabla hajaenda kumwamkia mama. Kumbe mama mwenyewe alikuwa pale kwenye benchi, akisubiri nimkate kucha. Wifi alishtuka kama aliyefumaniwa, akaamkia, akakaa kitini. Mama aliitikia tu, basi.

Dawa ile ina haidroksaidi ya sodiamu, kitu kilekile wapika sabuni wanachokiita kostiki. Hulegeza unywele kutoka ndani hadi ukubali kunyooka. Ikikuta ngozi yenye mchubuko, inaila nayo. Ndiyo maana kila mteja namuuliza kama amejikuna, na namwambia akisikia moto aseme papo hapo. Wifi alisema hajajikuna. Nikapaka. Nikamuuliza kama inachoma, akasema hapana. Nikamuuliza tena, akatabasamu. Kisha nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania kiti na machozi yanadondokea taulo. Nikamvuta hadi kwenye sinki, nikafungua bomba. Likakohoa, likatoa upepo.

Maji yamekatika! Dumu nililokuwa nalo liliondoa dawa ya juu tu. Nikatia shampuu ya kuizimua, ile ambayo povu lake hugeuka rangi ya waridi dawa ikiwa bado imo, na huwa jeupe ikiisha. Lilikuwa waridi la kutisha. Nikapiga kelele niletewe maji, na aliyetoka mbio ni mama, na magoti yake hayo, hadi kwa kinyozi wa jirani. Akarudi na ndoo, sketi imelowa chapachapa. Povu likabaki waridi. Akaenda tena, huku wifi akitetemeka mikononi mwangu.

Mama alipokuwa akimimina alimfokea, mwanangu, mtu anaungua na ananyamaza? Kusikia anaitwa mwanangu, wifi akaangua kilio. Alisema alijikuna sana alipofumua misuko, akaficha nisije nikakataa kumtia dawa. Alisema wewe ndiye uliyemwambia kuwa mama hataki kuona nywele za kipilipili sebuleni kwake, na kwamba ndiyo sababu humleti nyumbani.

Mama aliweka ndoo chini. Aliniuliza mimi kama amewahi kutamka neno hilo. Nikasema sijalisikia hata siku moja. Ndipo akamweleza wifi kuwa yeye mama umekuwa ukimwambia kwamba mkeo anaringa, hataki kuja kwetu. Mdogo wangu, umewagonganisha watu wawili wanaokupenda ili wewe usionekane. Mwenye kumwonea haya mkeo ni wewe, na mama umemsingizia. Nilikubeba mgongoni ukiwa mchanga, lakini kwa hili nimekukasirikia.

Povu lilikuja kuwa jeupe baada ya ndoo nyingi. Muuguzi anasema ngozi ya kisogoni itapona, ila nywele za hapo hana hakika nazo. Wifi aliniomba nimnyoe zote, nikamnyoa. Sasa analala chumbani kwa mama, na nawasikia wakicheka mambo nisiyoambiwa. Kama atarudi kwako hasemi, nami sitamshawishi.

Kinyozi anakusalimu sana, anauliza ndoo yake utailipa lini, maana mama aliipasua. Mkeo hajatuma salamu. Mama anasema zake zipo, lakini hazitumi kwa barua. Uje uzichukue mwenyewe, na kabla hujapewa, useme mbele yao wote wawili ni nani aliyezikataa zile nywele.

Ni mimi dada yako,
Kitana