Imbwa Anawe wa Kwanza

Vendredi, mangaribi.

Papa Ilunga, mugonjwa wangu ku hopitali, ataniua. Juma nzima niko namuelezea: ukiisha kushika Bijou, unawe mikono. Bijou ni ile imbwa mama mumoja wa mutaa wa Golf analetaka ku hopitali yetu ili bagonjwa bafurahi. Iko na adabu kupita bantu bengi, lakini ma-microbes ya mu kinywa yake haina adabu, na Papa iko na kidonda ku muguu.

Yeye ananawa mbele ya kusalimia imbwa. Kisha kuisalimia, hapana. Bijou inalamba vidole, na vile vidole vinaingia mu chakula, mu bukari, vinakuna kidonda.

Ananiambia, akionyesha Bijou: "Mwana yangu, mugeni ametoka mbali kuniona. Ninawe mbele ya macho yake? Atasema namuona muchafu."

Dokta amesema kidonda kikiharibika, Bijou hatarudia. Na bila Bijou, ule muzee hasemake na muntu. Nilikuwa na woga kweli.

Basi leo, kisha basalimiane, nikaleta maji sawa vile tunafanyaka mbele ya kula: mugeni wa kwanza. Nikashika muguu ya Bijou, nikaunawisha ndani ya beseni. Kisha nikamumwangia Papa maji ya mu jagi. Akanyoosha mikono, akasugua na sabuni mupaka ku viwiko.

Nikafurahi mupaka nikakata kitonge mu sahani yake. Akanishika mukono.

"Weye njo umeshika muguu ya imbwa. Unawe, mama, usiniue."

Jagi ilikuwa tupu. Na maji ya mu beseni, Bijou alikuwa anamaliza kuyanywa.