Picap ya Verlene mnadani

Nadine shoga, ndiyo kwanza tunatoka kwenye mnada wa polisi, mimi na dada yangu Verlene. Bado siamini.

Si unaijua picap aliyoachiwa na baba? Polisi waliikamata siku mdogo wetu Travis alipoiazima, akakutwa na vidonge vya kulevya. Verlene hakushtakiwa kwa lolote, lakini gari likataifishwa. Eti gari ndilo lenye kosa.

Leo kaenda kulinunua. Gari lake mwenyewe, Nadine.

Na aliyempiku kwa bei ni nani? Corliss. Huyohuyo aliyemchukulia mume.

Verlene kasimama pale, anamtazama Corliss akiingia garini na kusogeza kiti cha dereva mbele. Akaninong'oneza, "Mume sikumlilia. Hili nalilia."

Gari likagoma kuwaka. Corliss akashusha kioo. "Verlene, hili linawashwaje?" Kamuuliza yeye, Nadine!

Wivu unamla Verlene. Nikajua atamtukana. Akapenyeza mkono dirishani, akaliwasha mwenyewe.

Njiani nikamuuliza kwa nini amemsaidia.

"Sikumsaidia," akasema. "Nilitaka liniitikie mimi, mara ya mwisho, naye akiwa amekaa humo anasikia."